Ubao wa Kati Haukuwa wa Kukatwa

Dakika ya saba ya video ndipo kazi ilipoharibika. Mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri: kabati la televisheni limepanguswa, limesogezwa karibu na ukuta, pimamaji imelazwa juu yake na kiputo kimetulia katikati. Kisha kichujio cha nje kinajaribiwa kuingizwa ndani, kinagoma, na fundi anachukua msumeno. Anaukata ubao wa kati, ule uliosimama kutoka chini ya kabati hadi kwenye uso wake, anauweka pembeni na kutangaza kwamba nafasi imepatikana. Kwa kukata kule aliondoa kitu pekee kilicholifanya kabati lile lifikiriwe, hata kwa mbali, kuwa linaweza kubeba tangi la samaki la futi nne.

Video imezunguka sana, na sifa nyingi zimekwenda kwa taa, mawe na rangi za samaki aina ya mbuna. Safu hii haina ugomvi na hayo. Kioo cha milimita 10 kinatosha kwa kimo kile, mishono ya silikoni imenyooka, mawe yamekalishwa chini kabla ya mchanga ili samaki wasiyachimbue yakaanguka, na maji yameachwa yakomae kabla ya samaki kuingia. Kazi safi. Ila kazi safi yote ile imepandishwa juu ya kosa, na kosa lenyewe limepita mbele ya macho ya watazamaji bila mtu kulisimamisha.

Tuanze na uzito, maana mjadala wowote wa samani na matangi usioanza na kilo ni maneno matupu. Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kimo cha 50. Kioo peke yake ni kama kilo 55. Mchanga wa unene wa sentimita 5 ni kama kilo 40. Mbuna ni samaki wa miamba ya Ziwa Nyasa, kwa hiyo tangi lao hupangwa mawe mengi kuliko tangi la samaki wa mitoni. Yale yaliyopangwa pale, yakikaribia uso wa maji, hayawezi kupungua kilo 60. Mchanga na mawe vikishachukua nafasi yake, yanabaki maji ya lita 195 hivi, na lita moja ni kilo moja. Jumla inafika kilo 350: mifuko saba ya saruji imewekwa juu ya samani ya sebuleni, na haitashushwa kwa miaka. Televisheni ya inchi 55, mzigo ambao kabati lile liliundiwa, kwa kawaida ina kilo 15 hadi 20.

Sasa tuje kwenye ubao. Fundi mwenyewe ametaja kwamba uso wa kabati ni MDF ya milimita 18. Ubao wa unene huo ukiegemea ncha mbili tu, sentimita 120 kutoka upande hadi upande, na ukabebeshwa kilo 350 zilizotawanyika sawasawa, hesabu ya kawaida ya mihimili inatoa mnepo wa takriban sentimita 12 katikati. Hakuna MDF ya milimita 18 inayonepa hivyo ikabaki nzima. Maana ya jibu hilo ni kwamba ubao huo hauwezi kuubeba mzigo huo.

Rudisha ubao wa kati mahali pake na picha inageuka kabisa. Mnepo hukua kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Ukikata urefu nusu, mnepo unapungua mara 16. Zile sentimita 12 zinashuka chini ya sentimita moja. Bado si kabati la kujivunia, bado lingehitaji kuongezewa nguvu, lakini lingekuwa kabati lenye jambo la kujadiliwa. Kuna hesabu nyingine inayouma zaidi. Ubao mmoja unaopita juu ya maegemeo matatu yaliyoachana sawa, ukiwa na mzigo uliotandazwa sawasawa, hulipa egemeo la kati asilimia 62.5 ya uzito wote. Pande mbili hugawana kilichobaki. Fundi alitazama mbao tatu zilizosimama, akachagua kuikata ile iliyokuwa ibebe zaidi ya nusu.

Watetezi wake wana hoja moja, nayo inastahili kujibiwa: mbona tangi limesimama? Limesimama kwa sababu kazi ya kabati inafanywa na kioo. Tangi la futi nne lililojaa ni sanduku refu lenye kuta za kimo cha nusu mita, na sanduku la namna hiyo ni gumu kupinda kuliko ubao wowote uliolala. Uso wa kabati uliponepa, tangi halikunepa pamoja nao. Katikati pakalegea, uzito ukakimbilia ncha mbili, juu kabisa ya mbao za pembeni. Kuanzia hapo tangi ndilo mhimili, na ubao wa juu umebaki kama kitambaa cha meza.

Kioo hakikuundwa kwa kazi hiyo. Kioo cha chini cha tangi lisilo na fremu kimekusudiwa kulala chote juu ya kitu bapa na kigumu. Kikikosa egemeo katikati, kinabeba maji, mchanga na kilo 60 za mawe kikiwa kinaning'inia kwenye silikoni ya kuta zake, na mawe hayatandazi uzito. Yanauweka mahali machache. Kioo pia hakina tabia ya mbao ya kulalamika kabla ya kuvunjika. Mbao hulia, hupasuka nyuzi, hutoa onyo. Kioo kinapoachia, kinaachia mara moja, na lita 195 zinakutana na zulia, soketi za umeme na watoto walioketi sakafuni.

Baada ya msumeno ukaja ule uthibitisho uliopigiwa makofi: fundi akapanda juu ya kabati, akarukaruka mara mbili, akasema limekubali. Safu hii imelipinga jaribio hilo miaka yote na italipinga tena. Mtu mzima ana kilo 70 au 80, si 350. Anasimama kwa sekunde, si kwa miaka. Na muda kwenye MDF si jambo dogo. Eurocode 5, kanuni ya Ulaya ya usanifu wa miundo ya mbao, hurekebisha nguvu ya MDF ya kubebea mizigo, ndani ya jengo kavu, kwa namba 1.10 ikiwa mzigo ni wa papo kwa papo, na 0.20 ikiwa mzigo ni wa kudumu. Yaani nguvu ya kutegemewa inashuka hadi chini ya moja ya tano. Kwa mbao tupu namba hizo ni 1.10 na 0.60. Anayeruka juu ya kabati anapima nguvu ya sekunde moja, halafu anaitumia kama ahadi ya miaka mitano. Na tunazungumzia MDF iliyotengenezwa kwa majengo. Ile ya samani za dukani haikuahidiwa hata hayo.

Mnepo nao haukai pale ulipoanzia. Kanuni ileile inakadiria kwamba mbao tupu, katika hali kavu, itaongeza asilimia 60 juu ya mnepo wake wa siku ya kwanza kadiri miaka inavyopita. MDF itaongeza asilimia 225. Penye unyevu namba zinapanda hadi 80 na 300. Ndani ya kabati lenye kichujio, mabomba na viungo vya kufunguliwa kila mwezi, hakuna anayeweza kudai pakavu. Ndiyo maana kipande kimoja cha video kinafaa kutazamwa tena polepole: msumeno ulipopita, ukingo mbichi wa MDF ulibaki wazi chini na juu, haukupakwa gundi, rangi wala vanishi. MDF hunywa maji kwa ukingo kabla ya uso. Tone linalodondoka kwenye kiungo cha bomba litafikia ukingo ule, ubao utavimba, na uvimbe huo haurudi ukikauka.

Ubao wa nyuma nao ulitobolewa matundu mawili makubwa ya kupitishia mabomba. Watu wengi huudharau ubao ule mwembamba wa hadibodi kwa kudhani kazi yake ni kuzuia vumbi. Ndio unaolizuia kabati lisilale upande, kwa sababu kabati bila mgongo ni mbao zilizounganishwa kwa skrubu chache kwenye pembe, tayari kugeuka mshazari mtu akiliegemea. Ubao wa kati ulikuwa ukisaidia kazi hiyo pia. Kwa mkono mmoja ameondoa egemeo, kwa mkono mwingine amedhoofisha mgongo.

Inasikitisha zaidi kwa sababu tatizo la kichujio kutaka nafasi chini ya tangi lina zaidi ya miaka 150, na lilipata jawabu mapema. William Alford Lloyd, muuzaji wa matangi wa London aliyegeuka msanifu wa akwaria kubwa, alisimamia ile ya Hamburg iliyofunguliwa mwaka 1864, kisha ile ya Crystal Palace mwaka 1871. Pale Crystal Palace aliweka hifadhi ya maji chini ya matangi ya maonyesho, yenye maji mengi kuliko matangi yenyewe, na injini za mvuke zikayazungusha maji juu na chini bila kukoma. Wazo ni lilelile la kichujio cha chini ya kabati. Tofauti ni mpangilio: Lloyd alianza na jengo la kubeba, ndani yake akatenga nafasi ya maji. Huyu wa video alianza na kichujio, kisha akalikata jengo limfuate.

Hata matangi ya nyumbani ya enzi hiyo yalikuwa na adabu hiyo. Sakafu ya jiwe la sleti, pembe za chuma, kioo kimeshikwa kwa lakiri. Mtu akiinua tangi kama hilo alijua mara moja kwamba meza ya chai haihusiki. Silikoni ilipoingia miaka ya 1960, fremu za chuma zikaanza kuondoka, tangi likawa vioo vitupu vilivyogandana, likapendeza na kuonekana jepesi. Uzito wa maji haukupungua hata gramu. Kilichopungua ni heshima ya watu kwa kinachokaa chini yake.

Ndiyo sababu safu hii haichoki kuwataja mafundi wa kuchomelea wa zamani. Stendi yao ilikuwa vyuma vya pembe vya milimita 40, miguu minne, fremu juu, fremu chini, na upau mmoja wa chuma ukikatiza katikati. Haikuwa na mlango wa kung'aa. Lakini kila kilo ya tangi ilikuwa na njia iliyonyooka ya kushuka: kutoka kioo hadi fremu, kutoka fremu hadi mguu, kutoka mguu hadi sakafu. Maseremala wa mninga na mkongo walifika palepale kwa njia yao, kwa viungo vya ulimi na tundu, mguu ukipanda mzima hadi kuushika uso wa kabati. Makabati ya siku hizi ya MDF nyeupe yanayong'aa yameuzwa kwa macho. Uso wake mara nyingi umeshikwa ubavuni na skrubu mbili tatu zilizozama kwenye ukingo, mahali ambapo MDF hushika skrubu vibaya kuliko kwingine kote.

Haina maana kwamba mninga ni kinga. Kabati la mninga lenye miguu myembamba iliyochongwa kwa urembo, au lililoachwa wazi urefu mzima kwa ajili ya droo, linaweza kuwa baya kuliko la plaiwudi lililosimamishwa vizuri. Swali la kwanza mbele ya samani yoyote ni hilo la njia ya uzito. Piga magoti, fungua milango, tazama chini ya mahali ambapo kila kona ya tangi itakaa na chini ya katikati yake. Ukikuta ubao au nguzo iliyosimama mpaka sakafuni, endelea na maswali mengine. Ukikuta hewa, umeshapata jibu.

Kila mjadala wa namna hii huibua Berlin. Wapo waliosema tena safari hii kwamba hata AquaDom ilipasuka, kwa hiyo hakuna kabati la kulaumiwa. Tarehe 16 Desemba 2022, kabla ya saa 12 asubuhi, mnara ule wa akriliki wenye maji ya lita milioni moja na samaki wapatao 1,500 ulifunguka ndani ya hoteli na kumwaga maji hadi barabarani. Watu wawili walijeruhiwa na karibu samaki wote wakafa. Mtaalamu aliyepewa kazi ya kuchunguza alitoa ripoti mwaka 2023 bila kufikia sababu moja, akaacha uwezekano wa aina tatu: viungo vya gundi, jeraha kwenye akriliki, au akriliki kukauka ilipomwagwa maji kwa ukarabati na kujazwa upya. Yote matatu ni ya tangi lenyewe. Kuitumia Berlin kumtetea aliyekata egemeo la kabati ni kuchanganya mambo mawili, na safu hii imechoka kuona ajali moja kubwa ikigeuzwa ruhusa ya uzembe mdogo wa kila siku.

Kuna na imani ya sponji. Fundi alitandika mkeka wa sponji chini ya tangi, na kwa tangi lisilo na fremu alifanya sawa. Mkeka hula chembe za mchanga na mikwaruzo midogo ya ubao. Wengi wameandika kwamba sponji "itasawazisha" mnepo. Haitausawazisha. Mkeka wa milimita chache hauwezi kujaza shimo linaloongezeka mwezi hadi mwezi katikati ya ubao, na hauna nguvu ya kurudisha uzito uliokwisha kukimbilia pembeni.

Kwenye dakika ileile ya saba palikuwa na njia nne, zote rahisi. Kichujio kingekaa kando ya kabati na kufichwa na chungu cha ua. Kingebadilishwa kwa viwili vidogo, kimoja kila chumba. Ubao wa kati ungetobolewa tundu la bomba tu, ukabaki umesimama. Au, kama ilikuwa lazima uondoke, zingesimamishwa kwanza mbao mbili kwenye theluthi za urefu, moja kila sentimita 40, ndipo ule wa kati ukakatwa; kwa hesabu ileile, mnepo ungekuwa mdogo hata kuliko kabati lilivyotoka dukani. Hakuna iliyohitaji zaidi ya nusu siku.

Na kama alitaka kupima, angepima kwa mzigo wa kweli. Madumu 17 ya lita 20 yaliyojaa maji ni kilo 340. Panga tisa chini na nane juu yake, funga uzi umevutwa kutoka ncha hadi ncha ya uso wa kabati, pima kwa rula umbali kati ya uzi na ubao, andika. Rudia kesho, rudia wiki ijayo. Namba ikiendelea kukua baada ya wiki, kabati limejibu, na hakuna kilichopotea isipokuwa maji ya kumwagilia bustani. Sakafu ya zege chini ya nyumba haina shida na mzigo huo. Ghorofani mambo ni mengine: kilo 350 juu ya eneo la sentimita 120 kwa 45 ni karibu kilo 650 kwa mita ya mraba, wakati sakafu za makazi kwa kawaida husanifiwa kwa kilo 150 hadi 200, kwa hiyo tangi likae kando ya ukuta unaobeba au juu ya mhimili, kamwe si katikati ya chumba.

Dalili tayari ipo. Katika picha ya mwisho, kamera inapopita taratibu kushoto kwenda kulia, tazama mwanya kati ya milango miwili na uso wa kabati. Pembeni kuna nafasi ya kutosha. Katikati, milango inapokutana, nafasi imekwisha, na mlango wa kushoto umekwaruza rangi. Ubao umeshuka mpaka ukagusa milango, na huenda sasa milango yenyewe inasaidia kubeba.

Kwa hiyo mwenye tangi lile asisubiri. Ahamishe samaki kwanza, kisha apunguze maji mpaka robo, atoe mawe moja moja kwa mikono na si kwa kuyaburuta, mchanga nao utoke. Tangi lishushwe na watu wanne likiwa tupu, na mishono ya chini ikaguliwe kwa tochi kutoka ndani na nje, hasa katikati ya kioo cha mbele na cha nyuma. Likionekana zima, lijazwe uani juu ya sakafu bapa kwa siku kadhaa kabla ya kurudi ndani. Kabati lirudi kwenye televisheni yake. Tangi liende kwa fundi wa kuchomelea, lipimwe urefu na upana, na stendi itengenezwe ikiwa na mguu wa tano katikati. Kichujio kisipoenea humo, kikae nje.